Pombe Isiyoonjwa

Kwetu Kirushya mgeni hapewi kinywaji kabla mwenyeji hajakionja. Unapiga funda moja mbele yake, aone hukufa, ndipo unampa. Watu wa ng'ambo ya mto, nchi jirani, wana desturi hiyo hiyo, na lugha yao na yetu ni ndugu. Kwa hiyo mgeni wetu hakuhitaji kutueleza alikuwa anasubiri nini.

Mwanamke huyo alitokea shambani mwaka ule kambi ya Benaco ilipofurika wakimbizi wa kutoka ng'ambo, miguu imevimba, na kambini hathubutu kukanyaga. Alisema huko wamo waliowamaliza ndugu zake, na wakimwona watammalizia na yeye. Mama alimpa maji. Hakuyapokea. Alikodoa macho mpaka mama alipoonja. Majuma yakapita na bado ilikuwa hivyo, kwa uji, kwa maharage, hata kwa chai niliyokwisha kuinywa mimi kutoka birika lile lile. Nilikuwa msichana wa mdomo mrefu, nikanung'unika kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mama akanikata jicho.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema. "Nyamaza umenye ndizi."

Mchana mmoja, baba akiwa gulioni, mbwa wa jirani walibweka vibaya. Mgeni akajitupa kwenye shimo la baba la kuivishia ndizi, mama akamfunika kwa majani ya migomba. Hapo hapo wakatokeza wanaume watatu wenye mapanga. Kwetu panga si ajabu, kila mtu huenda nalo shambani, lakini yale hayakuwa na tope wala utomvu. Wakaja wakakaa kwenye benchi la wageni, na shimo lilikuwa karibu na miguu yao.

"Mama, tunamtafuta dada yetu," mkubwa wao alisema, kwa adabu iliyonitisha kuliko matusi.

Mama alisema hajamwona. Akaenda kuchota pombe ya ndizi, maana mtu aliyeshika kata hashiki panga. Akampa yule mkubwa. Na kwa hofu aliyokuwa nayo, akasahau kuonja.

Yule mtu aliitazama kata, akamtazama mama. Wenzake wakasimama.

"Hujaonja," akasema.

Mama alikuwa ameacha pombe tangu kipaimara changu. Aliweka nadhiri kanisani, na nyumbani baba ndiye aliyewaonjea wageni pombe. Aliipokea kata, mikono ikamtetemeka hata pombe ikamwagikia kanga.

"Unatetemeka nini?"

"Nilimwahidi Mungu sitaigusa tena," mama alisema. "Kwani wewe ukivunja amri yake hutetemeki?"

Nilijua tumekufa. Mama akanywa, si funda moja, kata nzima. Wakati huo huo majani ya shimoni yakacheza, nikayaona kwa macho yangu, nikaanza kukohoa. Nilikohoa kama mwenye kifaduro, mpaka machozi yakanitoka, wote wakageuka kunitazama mimi. Mkubwa akacheka. Akaomba nyingine, wakanywa, wakachungulia jikoni na chini ya vitanda, wakaondoka na mkungu wetu mmoja.

Hatukusogea mpaka mbwa walipoacha kubweka. Tulipofukua majani alitoka na udongo usoni, meno yakigongana. Alikuwa amesikia yote. Alikaa kwenye kigoda jikoni, nami niliogopa hata kumgusa.

Mama, kichwa kikimzunguka kwa ile pombe, alimimina uji kwenye kikombe, akakiinua aonje kama kila siku.

Mgeni akamshika mkono. Akakitwaa kikombe kabla hakijafika mdomoni mwa mama, akanywa uji wote.