Nta Iliyoyeyuka Sikioni

Sijawahi kumwambia mtu: kile kidude cha mashine yangu ya kusikia, kinachoingia sikioni, kinaniumiza.

Kilichongwa kufuata sikio la Mzungu mzee aliyeitumia mashine hii kabla yangu. Kwangu kinapwaya na kunichubua.

Baba kila akiuliza, "Wakesho, kinakaa sawa?" mimi najibu, "Kinakaa, Baba."

Kule nyumbani Werugha, milimani, nilikizungushia nta ya mzinga wa mjomba. Kwa baridi ile, ilishika vizuri.

Leo tumeshuka Voi, nihojiwe kuingia chuo cha ualimu.

Jua la Voi mnalijua.

Nta ikayeyuka, ikaziba tundu la kupitishia sauti. Kimya.

Madamu aliyenihoji akachezesha midomo. Nikasema, "Yes, Madam."

Akarudia. "Yes, Madam," tena kwa tabasamu!

Wasichana waliosubiri mlangoni pamoja na Baba wakaficha nyuso wakicheka.

Nje, Baba akaniinamia sikioni, akasema kwa nguvu: "Mwanangu, alikuuliza jina lako."

Nafasi imekwenda. Yeye anadhani niliogopa tu.

Ninyi wenzangu mtakaopokezana daftari letu hili, niambieni, mngemwambia ukweli?

Sakafu ya mbao hapa ninapoandikia inatikisika. Ni yeye anakuja.

Ukurasa nauacha wazi. Asome mwenyewe.