Kiungo Chini ya Sinki

Jikoni kwetu, katika nyumba kuukuu ya ghorofa moja pale Berea, mjini Durban, bomba la plastiki linalotoa maji machafu kwenye sinki lilikuwa limefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Mume wangu, anayetengeneza malori Clairwood, aliamini kwamba mpira uliokazwa vizuri huishinda dawa yoyote ya dukani. Ulivuja mara mbili. Mara ya pili mwenye nyumba, bibi mzaliwa wa mji huu ambaye wazee wake walitoka pwani ya Afrika Mashariki, na ambaye anaishi chini yetu, alipanda ngazi taratibu akatuambia: "Dari langu likilowa tena, mtafute pengine." Hakupaza sauti. Watoto walikuwa wameizoea shule ya mtaa ule. Nami, tangu Bujumbura, nilikuwa nimehama vya kutosha.

Tulinunua kiwiko kipya cha plastiki, kile kipande cha kona cha bomba, na kopo la gundi ya mabomba. Tulichagua asubuhi ambayo maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima, tukiona kwamba hatutapata siku kavu kuliko hiyo. Mume wangu alilikata bomba kwa msumeno, nami nikalainisha ukingo wake kwa msasa hadi kidole kisihisi mkwaruzo. Tuliviunganisha kwanza bila gundi, nikachora mstari wa penseli kutoka kwenye bomba hadi kwenye kiwiko, tujue vinapaswa kukutana wapi. Kisha tukavichomoa, tukapaka gundi pande zote mbili, naye akasukuma huku akizungusha kidogo mpaka mistari ikaonana. Akaendelea kushikilia.

"Achia basi," nilisema.

"Ngoja. Inataka kutoka, naisikia."

"Bomba nalo lina nia?"

"Iko na kichwa ngumu kama wewe, mama watoto."

Maelezo ya kwenye kopo yalitaka kiungo kisipitishe maji hadi kesho yake. Harufu ya gundi ilitufukuza jikoni, tukaketi kibarazani. Katika mji huu, maji yanapokatika, watu huiacha koki wazi na kutega beseni chini yake, ili yakirudi wayasikie na kuyakinga kabla hayajakatika tena. Nami nilikuwa nimetega letu alfajiri, bila kufikiri, kama mtu anavyorudishia mlango.

Adhuhuri tuliyasikia yakikohoa kwenye koki, kisha yakaanguka ndani ya beseni. Nilifurahi. Tuliendelea kukaa, tukizungumzia nguo za kufuliwa, mpaka sauti ilipobadilika: maji yaligonga maji, kisha yakagonga bati la sinki. Mume wangu ndiye aliyewahi kusimama. Nilipoifunga koki, mistari ya penseli ilikuwa imeachana, na maji yalikuwa yakizama kati ya mbao za sakafu.

Bibi aliingia bila kubisha hodi, kitambaa cha vyombo begani. Alilitazama beseni, akaitazama koki, akainama kukitazama kiwiko.

"Mliiacha wazi?"

"Ndiyo, Mama," mume wangu alisema. "Tulisahau."

"Eish. Na gundi mbichi."

"Nitarudilia kazi, Mama. Leo hii."

Bibi alikitikisa kiwiko kwa kidole. Nilijikuta nikilitazama kabati la vyombo, nikifikiri litateremshwaje kwenye ngazi zile nyembamba. Hatimaye alisema kiungwe upya, na kwamba mpaka kesho jioni tone lisipite pale.

"Vyombo vyenu leteni kwangu."

Jioni nilishuka na sufuria na sahani. Juu ya sinki lake doa la maji lilikuwa limetanda darini, rangi ya chai. Nilisuuza, naye akakausha.

"Jumamosi mumeo atalipaka rangi dari hili," alisema.

"Atalipaka, Mama."

"Anajua?"

"Anajua."

"Kama anavyojua mabomba?"

Nilimkabidhi sahani. "Afadhali kidogo," nikasema, naye akaikausha pande zote mbili kabla ya kunyoosha mkono apewe nyingine.