Vifungio Nilivyovikaza kwa Mkono

Siku yangu ya kwanza kilimani nilivaa viatu vya kanisani. Ofisi ya ajira ilikuwa imeniambia kazi yenyewe ni kuhudumia wateja dukani, na mimi, mtu wa darasa la saba kutoka Rungwe, dukani nilijua huendwa kwa kujipanga. Niliposhuka kwenye basi nilikuta kilima cheupe nyuma ya maghorofa, waya mrefu ukiwavuta watu juu, na kibanda cha mbao kinachonuka nta iliyoyeyuka. Ndani alikuwemo mzee mwenye aproni akiikwangua ski, ubao mwembamba wa kutelezea thelujini. Alinitazama miguuni, akaingia stoo, akarudi na mabuti ya mpira yaliyonizidi namba mbili.

"Vaa haya," akasema. "Leo utajifunza jambo moja tu."

Huyo alikuwa Fundi Mkuu wa karakana yetu. Hapa Sweden bosi huitwa kwa jina lake, hata akiwa na mvi, lakini mimi nilimwita Mzee tangu asubuhi ile. Aliniuliza maana yake, nikamweleza. Akacheka, akasema kwao nyumbani neno la namna hiyo angeambiwa kama tusi. Tangu hapo hakukubali nimwite vinginevyo.

Jambo lenyewe lilikuwa kifungio. Ninyi vijana mliozaliwa huku mmevaa ski shuleni, lakini wengi hamjapata kukiangalia. Kifungio ndicho kinachoshika buti lisitoke kwenye ski. Kina skrubu, na juu yake kidirisha kidogo chenye namba. Ukikaza, namba inapanda na buti linashikwa kwa nguvu. Ukilegeza, buti linachomoka upesi. Mtu anayejifunza anahitaji namba ndogo, ili akianguka ski imwachie. Isipomwachia, ski inageuka upande mmoja na mwili upande mwingine, na kilichopo katikati ni goti.

Kulikuwa na jedwali ukutani: uzito, urefu, umri, uzoefu, kisha namba yako. Mzee alilifuata jedwali, halafu akafanya alichokiita kumzungusha mteja. Mtu anasimama kwenye zulia, ski moja mguuni, anailaza kidogo kwa ukingo wa ndani, anausukuma mguu ndani polepole mpaka buti lichomoke. Likichomoka bila kumuuma, anakwenda. Likigoma, unalegeza na unarudia. Kila mteja, kila mara, hata yule aliyekuja jana.

"Kwa nini, Mzee, kama jedwali lipo?"

"Jedwali halijamwona huyu mtu," akasema. "Wewe umemwona."

Nilikaa naye misimu mingi. Alinifundisha kunoa kingo za chuma kwa tupa, kupiga nta kwa pasi, na kumtambua anayesema uongo kuhusu uzito wake. Wanaume wa Kizungu hujipunguzia. Baba zetu wa Kiafrika hujiongezea, tena kwa sauti. Jumamosi moja kila msimu familia za Waswahili zilikuja pamoja, kutoka vitongoji vya Alby, Rinkeby, mpaka Hässelby, na kibanda kikajaa kelele.

"Andika bingwa!" baba mmoja wa Kikenya aliniambia mwaka wa kwanza.

"Umewahi kuteleza wapi, kaka?"

"Bafuni."

Kilima kilikuwa cha chama cha wakazi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na asubuhi za siku za kazi aliwafungulia lifti, ule waya wa kuvutia watu juu, wastaafu wenzake kumi au kumi na wawili, hata kama hakuna mwingine. Shule za jirani zilikuja mchana kwa miguu. Mteja akisahau glavu, tulikuwa na sanduku la glavu.

Kisha yakaja majira matatu mabaya ya baridi mfululizo. Mvua ilinyesha Januari badala ya theluji, na mizinga ya kutengenezea theluji ikala umeme usiku na mchana. Chama kikashindwa. Kampuni iliyokwisha kununua vilima vitatu kuzunguka mji, na milima mikubwa kaskazini, ikanunua na chetu. Msimu huohuo Mzee alifariki. Tulimzika Ijumaa, na Jumatatu nilikabidhiwa koti jipya lenye nembo. Nililivaa. Aproni yake niliitundika ndani ya kabati, upande usioonekana na wateja, na sikumwambia mtu.

Sitawadanganya: kampuni ilileta mema. Tulipata choo chenye joto, kofia ngumu mpya, na lifti isiyokwama. Meneja wa Kanda, kijana mwenye adabu, alitukusanya akasema, "Kadi moja, vilima vyote." Watu wenye magari walifurahi kweli. Lakini asubuhi za wastaafu zilifutwa, maana kwenye kompyuta yake watu kumi na wawili walionekana kama hakuna mtu. Shule zikapangiwa kilima kikubwa, safari ya basi karibu saa nzima, na walimu wengine wakaacha kwenda. Na ski za kukodi zikaanza kuagizwa kwa simu. Mteja alijaza fomu nyumbani, ghala kuu likakaza vifungio kwa mashine, na sisi tukapokea ski zimefungwa kwa ukanda wenye jina. Kazi yetu ikawa kukabidhi. Karatasi ilibandikwa ukutani, pale lilipokuwa jedwali: wafanyakazi wasibadilishe namba, wasifanye majaribio kaunta, foleni isizidi dakika tano.

Nilipinga mara mbili kwenye mikutano. Mara ya tatu nilinyamaza.

Jumamosi ya Waswahili ya msimu wa pili wa kampuni, Mama Neema alikuja kwa mara ya kwanza. Ni Mkongo wa Rinkeby tunayefahamiana, anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, siku nzima yuko kwa miguu. Alikuja na binti yake, Neema, anayesoma chuo kikuu.

"Dada Atupele!" aliita toka mlangoni. "Leo mutaniona! Nitashuka pale juu kama gunia ya mihogo!"

"Gunia halina breki, Mama Neema."

"Njo maana nimekuja kwako. Unipe breki."

Foleni ilikuwa imefika nje. Nilichukua ski zake, nikakata ukanda, na jicho langu likaenda kwenye kidirisha kwa mazoea. Namba ilikuwa ya mtu anayeshuka milima ya kaskazini kwa kasi. Niliiona. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikafikiria karatasi ya ukutani, nikafikiria foleni, nikasema moyoni labda mashine inajua nisilolijua. Nikamkabidhi.

Alianguka chini kabisa, mahali tambarare, akiwa hana hata mwendo. Watu walicheka kwanza, naye alianza kucheka, kisha akalia. Ski haikumwachia.

Gari la wagonjwa lilipoondoka nilimkuta Neema nyuma ya kibanda na simu mkononi. Kwa kawaida humjibu mama yake kwa Kiswidi, lakini siku ile alisema Kiswahili.

"Shangazi, ni mimi nilijaza fomu. Waliuliza kiwango, moja, mbili au tatu. Mama akasema weka tatu, yeye si mtu wa kupewa vitu vya daraja la mwisho. Nami nikaweka. Nilidhani ni ubora wa ski. Nimemvunja mama."

Nilitaka kumwambia pale pale kwamba niliiona namba. Nikashindwa. Nilimkumbatia tu, na hilo pia naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu Meneja wa Kanda alikuja na fomu ya ajali. Ilikuwa na visanduku.

"Weka alama hapa," akasema. "Mteja alitoa taarifa zisizo sahihi. Ni kweli, sivyo?"

"Ni kweli."

"Basi."

"Na bima yake je?"

"Wataangalia kisanduku hicho. Huenda wakakataa."

"Mimi niliiona namba."

"Atupele, usiandike hivyo. Ukiandika hivyo unajiandika wewe mwenyewe. Umebakiza misimu miwili ustaafu. Nakwambia kama rafiki."

Naamini alisema kama rafiki. Nilimwomba kalamu. Kiswidi changu cha kuandika ni kibovu mpaka leo, kwa hiyo niliandika sentensi fupi. Niliandika kwamba mteja alikosea fomu kwa kutokuelewa. Niliandika kwamba mimi niliona namba ni kubwa mno kwa anayeanza. Niliandika kwamba nina ujuzi wa kumpima kwa dakika mbili, na sikumpima, kwa sababu tumekatazwa na kwa sababu niliogopa foleni. Nikatia sahihi. Alisoma akiwa amesimama, akakunja karatasi, akaondoka nayo.

Jioni hiyo nilipanda treni mpaka Rinkeby. Mama Neema alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mito, goti limevimba kama papai. Neema alikuwa jikoni. Nilimwomba aje akae, nikawaeleza wote wawili neno kwa neno nilichokiandika.

Mama Neema alijiinua kidogo kwenye kochi, akanitazama usoni.

"Uliiona," akasema.

"Niliiona."

"Na ukanipa."

"Nikakupa."

"Bon, sawa." Akamgeukia binti yake. "Umesikia? Siku mbili unalia hapa hata chakula hauli. Mutu mwenye kazi yake amekuja kusema." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mimi na wewe hatujaisha. Nitakukasirikia mpaka hili goti ipone. Sasa kaa, ukule."

Alitimiza. Alinikasirikia mpaka kiangazi, na mimi nilikwenda kila Jumapili baada ya ibada kukasirikiwa. Neema alirudi chuoni wiki ileile.

Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikaondolewa kaunta. Kwa muda uliobaki wa msimu ule niliosha kofia za kukodi. Bima ilimkubali Mama Neema. Msimu uliofuata ikaletwa karatasi mpya kwa vilima vyote vya kampuni, yenye mchoro wa mtu kwenye zulia akisukuma mguu wake ndani. Kila mteja, kabla ya kutoka. Ilisema ni utaratibu mpya wa usalama. Hakuna jina la Mzee, wala langu. Niliisoma nikarudi kwenye kofia zangu, nikaosha vizuri sana siku hiyo.

Kilima chetu chenyewe hakikuokoka. Msimu wangu wa mwisho hakikufunguliwa. Nilihamishiwa kwenye kile kikubwa, nikawafundisha wafanyakazi wapya kumzungusha mteja, wakidhani ni kitu kilichobuniwa ofisini. Walijifunza vizuri. Siku ya kustaafu walinikatia keki, na Meneja wa Kanda akasema nilikuwa mfanyakazi mwaminifu. Aliponipa mkono aliushika kidogo zaidi ya kawaida.

Sasa nakaa Alby na muda mwingi wa kufikiri. Vijana huniuliza kama kampuni kubwa ni mbaya. Mimi najua tu nilichokiona: kilima kikiwa kidogo, aliyekaza skrubu ndiye aliyekutazama usoni. Vikishakuwa vinne chini ya kampuni moja, kati ya mkono na uso huwekwa fomu, na mtu kama mimi hujificha nyuma yake kwa urahisi mno. Ukipata kazi ya namna hiyo, usijifiche.

Nilifanya kazi misimu ishirini na miwili. Maelfu ya watu walitoka mikononi mwangu wakapanda juu wakarudi wakitembea. Goti moja liliharibika nikiwa nimeiona namba, na hilo niliandika mwenyewe.