Dada Taa na Jina la Bibi

Kuna mlio unaotoka kwenye simu ya mwanangu kila jioni, hapa Masasi ninapoishi. Ni mwembamba, kama kijiko kilichogonga glasi, kisha unafuata upepo, kisha watu wanashangilia. Juzi nilikuwa jikoni nachambua mchele nikausikia, na kabla sijageuka nikajua kilichotokea: kuna mtu amekufa kwenye katuni na amefufuliwa. "Ni yule yule?" nikauliza. "Ni yule yule, mama," mwanangu akajibu bila kuinua uso. Wameichora upya, rangi zinang'aa, nywele za yule msichana anayefufua wenzake sasa zinapepea unywele mmoja mmoja, lakini uvivu wa aliyeitunga haujapona. Nikasonya. Halafu nikakaa chini na ungo wangu mapajani, maana mlio ule ulikuwa umenirudisha Kitangari, na Kitangari ndiko nilikochanganyikiwa kwa mara ya kwanza maishani. Nikiwaambia mambo yamekwisha kunikaa sawa kichwani, nitakuwa nawadanganya.

Wakati huo nilikuwa darasa la nne. Jirani yetu, Baba Zuhura, alikuwa na televisheni, deki, na jenereta lililokohoa sana kabla ya kuwaka. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri alitufungulia sebule yake, na kiingilio hakikuwa hela, kilikuwa kidumu cha maji. Asiyeijua Newala, wilaya yetu, ataona ni bei ya bure. Kwetu juu kule mvua inanyesha na kuzama kwenye mchanga mwekundu kana kwamba haikuja, na bomba la kijiji lilitoa maji pale lilipojisikia. Kwa hiyo tuliingia kwa Baba Zuhura tukiwa tumeshasota foleni tangu alfajiri, na mtu aliyesota hivyo ana haki ya kudai katuni nzuri.

Katuni ilikuwa na jina refu la kigeni ambalo hakuna ulimi wetu uliolimudu. Sisi tuliiita Dada Taa, kwa sababu kiganja cha kulia cha yule msichana kiliwaka. Alisafiri na nungunungu mwenye mabawa, na adui yao alikuwa Mfalme Majivu, ambaye kila akibanwa aligeuka majivu akapeperuka, na kila akipeperuka mnajua wiki ijayo atarudi na kofia nyingine. Sauti zote zilitafsiriwa na jamaa mmoja wa mjini, peke yake: yeye ndiye msichana, yeye ndiye mfalme, yeye ndiye radi. Akichoka alinyamaza tu, tukabaki kubahatisha.

Waliokosa kidumu cha kiingilio walinisubiri bombani kesho yake. Mimi ndiye niliyekuwa msimuliaji wa foleni, na sikusimulia tu, nilihukumu. Sehemu iliyonikasirisha kuliko zote ilikuwa ile ya daraja. Nungunungu alizishika kamba za daraja kwa meno ili wenzake wavuke, Mfalme Majivu akamchoma mgongoni, mnyama wa watu akaporomoka bondeni. Jamaa wa kutafsiri akashusha sauti: "Na hapo, ndugu zangu, rafiki yetu ametutoka." Nililia. Nililia mpaka mwenzangu akanisogezea pindo la khanga. Kisha Dada Taa akateremka bondeni bila haraka yoyote, akaweka kiganja kwenye paji la uso la nungunungu, ule mlio ukalia, na mnyama akasimama akiulizia chakula. Sebule nzima ililipuka kwa shangwe. Mimi nilinuna, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza wala ya pili, na machozi yangu yalikuwa yameibwa mchana kweupe.

"Kama ana uwezo huo," niliwauliza wenzangu bombani, "mbona wanahangaika kupigana kwa fimbo? Na huyo Majivu, anaua watu ambao anajua watarudi, ana akili huyo?" Wao walitaka kujua nungunungu alipewa chakula gani.

Aliyenielewa alikuwa Bibi Mwajuma, mama mzazi wa mama yangu, ambaye tuliishi kwake. Alikaa kizingitini akibangua korosho, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, akanisikiliza mpaka mwisho. "Dawa moja kwa kila ugonjwa?" akasema. "Hata mwarobaini haujajisifu hivyo." Akafikiri kidogo, akauliza kama aliyemtupa mnyama bondeni amemwomba radhi. Nikamwambia hapana, hakuna hata aliyekumbuka. "Basi mmeibiwa," akasema, akaendelea na korosho zake.

Lakini Bibi naye alikuwa na lake. Mwanawe wa mwisho, Mjomba Hamisi, alipokuwa kijana alikuwa na hamu ya baiskeli kuliko ya kula. Bibi alikwenda Lulindi kumuuguza ndugu yake, na aliporudi akakuta mikorosho ya nyuma ya nyumba, aliyoipanda na marehemu babu, imelala chini, na tanuri la mkaa la Hamisi linafuka moshi. Bibi hakupiga kelele. Aliacha tu kuitikia salamu ya Hamisi. Kila sikukuu Mjomba alikuja, akasimama uani na ile baiskeli yake, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi akaendelea kubangua. Chakula alimpa, tena kingi, na maji ya kuoga alimwekea, ila marahaba hakuitoa. Sisi watoto tuliisubiri kila mwaka tukitazamana kwa pembe za macho. Kwetu mzazi asipoitikia shikamoo yako, ni kama umesimama mlangoni na hujakaribishwa. Mwishowe Mjomba akavuka Mto Ruvuma kwenda kutafuta kibarua Msumbiji, na sikukuu zikapita bila yeye.

Bibi alikufa kwa homa iliyoanza kama mchezo. Watoto tulipelekwa kwa jirani, na huko, mimi niliyekuwa nimemtukana Dada Taa bomba zima likisikia, nilikikunjua kiganja changu cha kulia nikakitazama muda mrefu. Nilimtaka Bibi arudi. Nilimtaka kwa njia yoyote, hata ile ya kivivu, hata mara kumi. Nakumbuka niliona aibu kwa kutaka hivyo, nikakificha kiganja chini ya paja.

Sasa, kwa msomaji asiye wa kwetu: ukoo wetu hauachi jina la mtu mzima lilale nje. Siku ya arobaini wazee hukaa, humchagua wa kulirithi, na anayelirithi jina hurithi na nafasi. Watoto wa marehemu wanakuwa wanawe. Siku hiyo nilikuwa nakula pilau kwa raha zangu nikaitwa katikati ya ua. Wakanifunika khanga ya Bibi, ambayo bado ilinukia moshi wa maganda ya korosho. Mzee Issa, kaka yake Bibi, akachovya kidole kwenye unga wa mtama akanipaka kwenye paji la uso. "Zainabu tuliyemjua tumemweka pembeni," akawatangazia watu. "Huyu si ntoto tena. Huyu ni Mwajuma, dada yangu, amerudi nyumbani kwake."

Paji la uso! Nilisimama pale nikiusubiri ule mlio. Haukuja. Badala yake akaja mama yangu, macho yamemvimba, akapiga goti mbele yangu akasema, "Shikamoo, mama." Niligeuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. "Itikia," Mzee Issa akaninong'oneza, "unanweka nwanao chini kwa nini?" Nikaitikia kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. Wakapanga foleni: mama wadogo, binamu wenye ndevu, mwanamume mmoja mwenye mvi ambaye simjui hadi leo. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Wengine walicheka, wengine walilia, wengine walifanya yote mawili, na hakuna hata mmoja aliyenieleza nifanye nini nikimaliza.

Siku zilizofuata nilijichunguza kama mgonjwa. Kila asubuhi nilipima magoti kama yameanza kuuma. Nilinusa ugoro wa Bibi nione kama nitaupenda, nikapiga chafya mpaka kuku wakakimbia. Bombani wenzangu walinitania, "Bibi, pita mbele, usichoke," nami nikapita mbele, maana nilikuwa nimechanganyikiwa lakini sikuwa mjinga. Nyumbani ndiko kulikoniuma. Mama alianza kuniomba ruhusa: mama, nikaanue korosho? Mama, nimwazime jirani kinu? Kisha nilimkuta nyuma ya jiko akimlilia Bibi kimya kimya. Nilikasirika sana. Kama Bibi amerudi, analiliwa nani? Na kama hajarudi, mbona mnanifanyia mchezo wa Dada Taa? Nilitaka kumuuliza, lakini ningemuuliza kama nani? Kama binti yake ningekuwa mkosefu wa adabu, na kama mama yake ningepaswa kuwa najua.

Msimu wa korosho ukaanza. Alasiri moja nilikuwa kizingitini natenganisha korosho na mabibo, yale matunda yake yenye maji, mikono imenata, nikasikia baiskeli ikiburuzwa. Alikuwa Mjomba Hamisi. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia huko ng'ambo zikiwa zimechelewa, na za urithi wa jina alikuwa amezipata njiani. Alikuwa amekonda. Hakuingia ndani. Alisimama pale pale uani alipokuwa akisimama zamani, akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Mama yangu, aliyekuwa akitwanga, aliushikilia mchi hewani. Nami nilinyamaza. Msidhani nilinyamaza kwa kumkomoa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hawakusema mjukuu mwenyewe afanye nini majuto yakimfikia. Bibi alikuwa na haki yake. Mikorosho ilikuwa yake, hasira ilikuwa yake, na alikufa bila kuitua. Nikiitikia mimi, si nitakuwa nimeyafuta yote kwa kiganja, kama yule msichana, halafu wiki ijayo hakuna anayekumbuka? Na nisipoitikia? Nilimwona mikono ikizungusha ile kofia, inazunguka, inazunguka.

"Mjomba," nikasema, na machozi yalikuwa yameshanitoka, "mimi sijui kama Bibi alitaka kukuitikia."

"Hata mimi sijui, mama," akajibu. "Niliondoka kabla sijajua. Sasa nitamuuliza nani?"

Hakusema nisamehe. Hakusema walikuwa wamemwambia nini njiani. Alibaki amesimama kwenye jua, mtu mzima na mvi zake za kwanza, akimsubiri mtoto wa darasa la nne. Nikamwambia, "Marahaba." Sauti ilitoka yangu, ya kitoto, wala haikufanana na ya Bibi hata kidogo. Mjomba alikaa chini kwenye mchanga kama mtu aliyetuliwa mzigo, akavuta kapu la korosho upande wake, tukaendelea kuzitenganisha wawili. Mchi wa mama ukaanza tena.

Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyedanganyika siku ile ya arobaini. Wao ndio waliomzika. Walijua vizuri kuliko mimi nani yuko chini ya udongo na kwamba hatatoka. Walichokiogopa ni kizingiti kitupu, kwa sababu mtu anakufa na shikamoo zake anatuachia mikononi, na lazima apatikane wa kupokea. Bibi hakurudishwa. Aliwekewa mtu wa kukaa, na mtu huyo akawa mimi, mchafu wa mabibo, bila mwangaza wowote.

Hayo nimeyaelewa. Lakini yapo ambayo bado yananizunguka kichwani. Sijui kama nilikuwa na haki. Bibi namjua, labda angeendelea kubangua korosho zake mpaka kiama, na labda angekuwa sawa. Sijui ile marahaba ilikuwa yake au yangu. Mjomba Hamisi sasa ni mzee, fimbo mkononi, na akishuka Masasi kwa matibabu hufikia kwangu. Wageni wanashangaa kumwona mzee wa rika lile akiniinamia mimi niliye sawa na binti yake. Mimi siwaelezi. Kwa hilo simpi nafasi ya kusubiri tena: akifungua tu mdomo, nimeshaitikia.