Farasi Walioinuka kama Ng'ombe

Cirhuza alianza kuchonga farasi akiwa na miaka arobaini na minane, na farasi wa kweli alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali, mzungu akiwa juu yake akipita barabara ya chini kando ya ziwa.

Alikuwa fundi wa misioni. Mapadri walimfundisha kuchonga tangu ujana wake, na kwa miaka mingi alichonga misalaba, Bikira Maria na milango ya tabernakulo. Mwaka 1953 walimwomba achonge pango la Noeli, watu na wanyama wadogo wa kuenea kiganjani. Kando ya Mtoto akamweka ng'ombe anayeinuka: makalio yako juu tayari, magoti ya mbele bado chini, shingo imenyooka mbele. Kila Mushi, mtu wa kabila lake, aliyechunga utotoni anaijua dakika ile ya asubuhi, ng'ombe anapoinua kwanza nyuma, akabaki kidogo amepiga magoti kama mtu anayesali, kisha akamalizia mbele. Siku ya Noeli wazee wafugaji wa Kabare walikawia mbele ya ng'ombe kuliko mbele ya Mtoto, wakibishana ni wa rangi gani. Cirhuza alikuwa nyuma ya nguzo, anatazama. Kazi yake ilikuwa imesimama mahali pake, yote pamoja, na watu wanaiona. Eulalie, mke wake, alikuwa akisema kwamba hakumwona tena na uso ule.

Bwana Rasquin pia alipita mbele ya pango lile. Alikuwa Mbelgiji wa ofisi ya ramani, mwembamba, asiye na mke, mwenye nyumba kwenye rasi wanakokaa wazungu. Wiki iliyofuata alipanda Kadutu, mtaa alikokaa Cirhuza, na kitabu cha picha kwapani. Alieleza kwamba karibu na kijiji alichozaliwa kulipiganwa vita kubwa siku moja ya mwezi wa sita, zaidi ya miaka mia iliyopita, na huko ndiko Napoleoni, mfalme wa Wafaransa, alikoshindwa. Yeye na wenzake watatu walitaka kuipigana upya juu ya meza, kila Jumapili baada ya misa. Walihitaji askari wenye urefu wa kidole, na farasi wao.

"Ukimaliza," alisema, "nitapanga wote juu ya meza. Utaingia ndani, utawaona wote."

Cirhuza alikubali palepale. Kuhusu malipo walielewana kwa maneno mawili. Lakini ahadi ile aliirudia kwa Eulalie jioni hiyo, na kesho yake tena.

Alichagua mti wa kahawa. Kwenye shamba la mzungu mmoja huko Katana walikuwa wanang'oa mikahawa iliyozeeka, akabeba mashina mawili. Mti wa kahawa ni mgumu na mweupe, mistari yake haionekani, nao unashika pua ya mtu hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama. Aliukausha miezi miwili chini ya kitanda ili usipasuke. Vijisu alivitengeneza kwa vyuma vya mwamvuli, na vyuma hivyohivyo vikawa bunduki za askari. Kwa farasi alipanga mistari ya mti ishuke pamoja na miguu, la sivyo mguu unakatika ukiwa umebakiza siku moja ya kazi. Alikaa mlangoni tangu jua linapotoka mpaka saa sita. Baada ya hapo mwanga ulikuwa mkali mno.

Kila kumi walipokamilika aliwalaza kwenye sanduku la sigara lenye pamba, akashuka nao mpaka mlango wa jikoni wa Bwana Rasquin. Bwana aliwapaka rangi mwenyewe: makoti ya buluu, makoti mekundu, nyuso za waridi. Cirhuza hakuwaona tena. Habari zao alizipata kwa Floribert, mpishi wa nyumba.

"Papa Cirhuza, vita ya wazungu niliona," alisema Floribert siku moja, akimenya viazi. "Banarusha dés, ile dadu ya kamari. Halafu mumoja anapima na mètre. Halafu banagombana saa nzima. Halafu banakunywa bière yangu yote."

"Na askari zangu?"

"Banakufa tu. Jumapili ingine bamefufuka."

"Lakini banasimama muzuri? Habaanguke?"

"Banasimama. Mimi sina ruhusa ya kukaribia. Naweka bière kwa mulango, naona kofia tu."

Hivyo ndivyo ilivyoenda miaka mitatu. Katika mwaka wa pili ukungu uliingia jicho la kushoto la Cirhuza, kisha la kulia. Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, asubiri ukungu uive, daktari wa macho atakuja kutoka mbali. Alisubiri huku akichonga. Alianza kuwashika askari karibu na pua, na nyuso zao alizimalizia kwa sindano na kwa kidole gumba.

"Papa Rosalie, acha ile kazi," Eulalie alimwambia. Rosalie alikuwa binti yao, ameolewa Minova. "Utachonga macho ya watu mupaka yako inaisha."

"Bado habajatimia."

"Na bakitimia?"

"Nitabaona."

"Na nini? Utabaona na nini?"

Cirhuza aliokota sindano, akaendelea na uso wa askari.

Mwanzoni mwa 1957 Bwana Rasquin aliomba kundi la mwisho: farasi kumi na wawili walioanguka vitani, ambao wanajaribu kuinuka. Kitabu cha picha kilikuwa na farasi wanaokimbia, farasi waliosimama na farasi waliokufa. Anayeinuka hakuwemo. Cirhuza hakuona shida. Kuinuka kwa mnyama mkubwa mwenye kwato alikujua tangu akiwa na miaka sita. Alichonga makalio juu, magoti ya mbele chini, shingo mbele. Kwa macho yale yaliyobaki hao ndio waliokuwa bora kuliko wote aliowahi kufanya. Bwana Rasquin aliwapokea, akawageuza mkononi, akasema, "Très bien. Muzuri sana." Naye alikuwa mtu wa ofisi, hakuwahi kupanda farasi.

Siku ya Cirhuza kuingia ndani ikawekwa: Jumapili moja ya mwezi wa sita. Kulikuwa na mgeni kutoka Ubelgiji, kanali mstaafu wa askari wa farasi, ambaye alikuwa akicheza mchezo huo huko kwao. Jeshi lilikuwa limetimia. Eulalie alifua shati jeupe la mumewe, akalipiga pasi mara mbili. Tangu saa sita Cirhuza alikaa kwenye benchi la nyuma ya jikoni, kofia magotini, akisubiri kuitwa.

Alisikia viti vikisogezwa, kisha sauti za wanaume. Halafu kicheko. Kilianza kwa mtu mmoja, sauti nzito, wengine wakamfuata, kikarudi tena kila kilipotaka kuisha. Bwana Rasquin alitoka kwa mlango wa jikoni, masikio mekundu, ameshika sanduku la sigara.

"Cirhuza. Hii nini?"

Cirhuza alisimama. Alisogeza uso karibu. "Farasi, Bwana. Iko naamuka."

"Hii ngombe! Ngombe njo inaamuka hivi! Farasi anatoa miguu ya mbele kwanza. Hata mutoto anajua. Kanali anauliza kama Napoleoni alipanda ngombe kuja kwa vita." Alimsukumia sanduku kifuani. "Mbele ya watu wote. Mbele ya watu wote unanifanya hivi."

"Bwana alibaona siku nilibaleta. Bwana alisema très bien."

Floribert, aliyekuwa akikausha sahani, aliacha kukausha.

"Enda na hizi," Bwana Rasquin alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ukinifanyia farasi wa kweli, utaingia. Leo hapana."

Cirhuza alipanda Kadutu kwa miguu, na shati lake jeupe, na sanduku.

Wazungu walikuwa na uwanja wa farasi nje kidogo ya mji, wenye ua wa mbao. Kesho yake asubuhi Cirhuza alikuwa amesimama kwenye ua huo. Aliyechunga farasi aliitwa Amuri, kijana wa familia ya Kiislamu ya Uvira, mwenye maneno mengi.

"Papa, unatafuta kazi ama unataka kununua moja?"

"Minangoja alale."

"Nani?"

"Farasi. Alale, halafu aamuke. Nataka kuona anaamuka namna gani."

Amuri alicheka mpaka akashika ua. "Hawa banalalaka bamesimama, Papa, kama polisi wa zamu. Mumoja akilala chini muchana, batasema iko mugonjwa, na mimi njo nilimugonjesha."

"Nitangoja."

"Basi ngoja. Ua ni ya wazungu, lakini kusimama ni bure."

Alisimama siku ile, na ya pili, na ya tatu. Amuri alizoea kumletea chai, akamtania kwamba farasi wenyewe wanaulizana yule muzee ni mukaguzi wa nini. Machoni pake farasi walikuwa vivuli vya kahawia vinavyosogea ndani ya ukungu mweupe kama maziwa. Siku ya tano, mmoja alirudishwa akitoka kukimbia, akavuliwa tandiko, jasho linamtoka. Alizunguka mara moja, akakunja miguu, akajitupa kwenye mchanga, akagaagaa, miguu hewani.

"Papa! Huyu hapa! Angalia!"

Farasi alitulia. Kisha akarusha miguu yake ya mbele mbele, yote miwili, imenyooka, kichwa juu, akasukuma kwa nyuma, akawa amesimama, anajikung'uta. Ilikuwa kitambo cha pumzi moja. Cirhuza aliona. Kupitia ukungu wote ule aliona, na hakukuwa na kupiga magoti, hakukuwa na kusali, hakukuwa na chochote alichokijua. Alikaa chini kwenye majani.

"Umefurahi?" Amuri aliuliza.

"Minaona sasa," Cirhuza alisema. "Minaona."

Alirudi kwenye kisu. Wa kwanza alikatika mguu. Wa pili alikatika shingo. Wa tatu alitoka na makalio juu, mikono ya Cirhuza imejifanyia yenyewe ile kazi iliyoizoea, akamtupa motoni bila kumwonyesha mtu. Mvua zilianza. Eulalie alikaa kando yake mlangoni, akimwambia, "Kulia kidogo. Hapo. Acha, umefika." Miguu ile ya mbele aliichonga kwa kuigusa na ulimi, maana vidole vyake vilikuwa vimekufa ngozi. Ilipofika mwezi wa kumi alikuwa na farasi mmoja. Kichwa juu, miguu ya mbele imerushwa, nyuma inasukuma. Eulalie alimweka kiganjani, akamtazama muda mrefu.

"Iko yee mwenyewe?" Cirhuza aliuliza.

"Iko yee," alisema Eulalie, ambaye hakuwahi kuona farasi.

Kwenye mlango wa jikoni Floribert alimpokea, lakini hakumkaribisha mara moja.

"Papa, minakuambia sasa, Bwana hajatoka bado. Askari wengine balikuja. Na posta, kutoka Ulaya. Si ya mti, ya madini ya risasi. Kanali njo alibachagulia. Banang'aa."

"Na zangu?"

"Ziko mu garage."

Bwana Rasquin alitoka, akamsalimia vizuri, akaomba kumwona farasi. Alimzungusha kwenye mwanga. "Sasa njo farasi," alisema, na alisema kweli. Kisha akamrudisha. Alieleza kwa upole kwamba wa risasi na wa mti hawana kimo kimoja, hawawezi kusimama meza moja, na kwamba vitu ni hivyo. "Lakini nilikuahidi utawaona. Floribert, mufungulie garage. Nitakuwa nimerudi saa kumi." Akachukua funguo za gari, akaondoka.

Walikuwa kwenye kasha la soda, chini ya taulo kuukuu, wamelundikwa bila pamba. Floribert alitaka kumwonyesha wachache. Cirhuza alisema hapana, wote. Basi mpishi alivua viatu, akapiga magoti juu ya saruji, akawapanga mmoja mmoja, makoti ya buluu upande huu, mekundu upande ule, farasi katikati. Wengi walikuwa wamepoteza bunduki. Iliwachukua zaidi ya saa moja. Mlango mkubwa ulikuwa wazi na mwanga wa mchana ukiingia mpaka ukutani.

"Wote banasimama, Papa," Floribert alisema, akirudi nyuma kwa vidole vya miguu. "Mais kumbe ni bengi! Sikujua ni bengi hivi. Unaona?"

Cirhuza alisimama kizingitini, kofia mkononi. Chini mbele yake kulikuwa na saruji ya kijivu, na juu ya saruji doa kubwa, buluu kidogo, nyekundu kidogo, kama maji yaliyofuliwa nguo ya rangi. Alisogea mbele hatua moja. Doa halikuwa na vichwa.

"Minaona," alisema.

Alichuchumaa, akanyoosha mkono ili aguse safu ya kwanza, na mkono ukakosea umbali. Walianguka kama kumi, wakagonga wa nyuma yao. Floribert alikimbilia kuwasimamisha.

"Acha," Cirhuza alisema.

Alipapasa kati ya walioanguka, akapata nafasi, akamweka farasi wake pale. Akamgusa kichwa, akamgusa miguu ya mbele, kuhakikisha anatazama kule wanakotazama wengine.

Gari lilisikika likishuka kwenye mteremko. Floribert alisema samahani Papa, Bwana anaingiza gari, akavuta kasha, akawazoa kwa mikono miwili, kwa haraka. Cirhuza alikuwa ameshatoka nje. Alisikia mti ukigonga mti ndani ya kasha mpaka wakaisha.

Eulalie alikuwa akimngojea mlangoni. Alimuuliza kama amewaona.

"Nimebaona," alisema Cirhuza. "Wote."

Wale kumi na wawili waliorudishwa walibaki dirishani kwake mpaka mwisho. Wageni waliotoka Kabare waliwachukua mkononi, wakawasifu, wakauliza ni nani aliyechonga ng'ombe wazuri hivi, na kwa nini hawana pembe. Mwanzoni aliwaeleza. Baadaye hakuwaeleza tena.