Ngano Ndani ya Unga Wangu wa Wimbi

Admin, ficha jina langu, la mtoto nimebadilisha, huku Molo tunajuana hadi majina ya mbwa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, watoto wawili, na tunaishi boma moja na mama mkwe. Naomba mtu asinitusi kabla amalize kusoma.

Tumbo limenitesa tangu nizae wa pili. Kufura, kuhara, kutapika. Nimemeza dawa za minyoo, za amoeba, za ulcers, hadi mizizi ya kuchemsha. Mwaka juzi daktari mmoja Nakuru akanipima damu, akasema shida ni ngano. Niache chapati, mandazi, mkate, zote. Nikaacha, na baada ya wiki tatu tumbo likatulia. Nililia kwa furaha nikiwa chooni, mnaweza kucheka.

Lakini kwetu chapati ni heshima. Nikikataa ya mama mkwe, ananuna. "Ngano tunalima wenyewe, imesomesha bwanako, leo imekuwa sumu?" Akaenda kuambia wamama wa kanisa eti nimekuwa mzungu. Bwanangu naye alicheka tu. Sawa. Nikawa napika ugali wangu wa wimbi, yaani ulezi, kando.

Kisha ugonjwa ukarudi, mbaya kuliko kwanza, na nilikuwa na mimba ya miezi minne. Sikuwa nimeonja ngano hata chembe! Nilikonda hadi pete ikaanguka kwenye karai la vyombo. Daktari akaniuliza mara tatu kama namdanganya. Mimba ikatoka. Hakuna mtu aliniambia ni kwa sababu gani, na mimi sikuuliza.

Wimbi yangu ilikuwa inapelekwa posho mill kusagwa na mama mkwe kila Jumamosi, eti nipumzike. Siku moja alienda matanga, nikaipeleka mwenyewe. Jamaa wa mashine akachungulia debe akasema, "Mathe, leo hakuna ngano ya kuchanganya?" Nikamuuliza ngano gani. "Si ile bakuli shosho hubeba. Alisema ni ya kukuongezea nguvu." Nilikaa chini hapo hapo kwenye vumbi la unga.

Nilimuuliza mama mkwe uso kwa uso. Hakukana. "Nilitaka nione kama ni ugonjwa ama ni madharau," akasema. Bwanangu akasema yaishe, mama ni mama. Yakaisha, kwao.

Sasa mambo yamegeuka. Tangu mwaka huu uanze, anayehara ni yeye, mama mkwe. Daktari yule yule amemwambia aache maziwa. Yeye, mwenye ng'ombe sita! Bwanangu anamcheka vile alinicheka. Wale wamama wa kanisa wanamletea chai ya maziwa, akikataa wananuna. Mimi ndiye nampikia uji wa wimbi. Na kila asubuhi naukorogea vijiko viwili vya maziwa ya unga, rangi ya wimbi inaficha.

Ndiyo, mimi. Hii ni wiki ya tatu. Nikisikia akikimbilia choo nasikia raha, wacha niseme ukweli. Kumbe mtu unaweza kuimba kwaya na uwe hivi.

Shida ni jana. Nilikuwa namuosha miguu kwa sababu hawezi tena kuinama. Akanishika mkono, wake umebaki mifupa. "Mama Faith, watoto wangu wote wananiona muongo. Ni wewe tu unaniamini. Uji wako ndio kitu pekee nakunywa bila kuogopa."

Nilimkausha miguu nikamvalisha soksi.

Naandika hii nikiwa jikoni. Uji umeiva, kopo la maziwa liko wazi, na yeye ananiita kwa jina la mtoto wangu, kwa upole, vile hajawahi. Jamani, mngekuwa mimi mngefanya nini? Niambieni haraka. Lakini kama hujawahi kupoteza mtoto, usiniambie nisamehe.