Begi Lililofumuliwa

Fundi alimjua Nusubei siku waliyogombania turubai kuukuu la lori. Fundi alikuwa ameshalivuta pembe zote nne, amelinusa, na sasa anatazama pembeni kama mtu asiye na haja, maana bei hushuka kwa asiye na haja. Mara akatokea mwanamke mfupi, mkoba kwapani, akauliza bei, akaambiwa, akataja nusu yake bila kupepesa macho. Mwenye turubai akacheka. Mwanamke akageuka akaenda zake. Hatua ya saba akaitwa arudi.

"Hilo nanunua mimi," Fundi akasema.

"Ulikuwa unalitazama, dada. Kutazama hakulipiwi."

Wakaishia kugawana. Mwenzake akajichukulia upande usio na viraka, Fundi akaona, wala hakukasirika. Mtu ajuaye kuchagua hivyo, alijiambia, ni heri awe upande wako.

Akawa upande wake miaka kumi na mmoja. Fundi alishona mabegi barazani kwa mama mwenye nyumba, Nusubei akayauza kibandani kwake sokoni. "Wewe mkono, mimi mdomo," alipenda kusema. Fundi alipopasuliwa tumbo, Nusubei ndiye aliyelala sakafuni chini ya kitanda cha hospitali siku sita, akigombana na wauguzi kuhusu shuka. Fundi si mtu wa kugawa imani yake kama karanga, lakini kwa huyu aligawa.

Biashara ya mabegi ya baiskeli ilikuja yenyewe. Msafiri mmoja alipita na baiskeli iliyobeba nyumba nzima: mfuko mbele kwenye usukani, mwingine katikati ya fremu, na mrefu nyuma ya kiti. Ule wa nyuma ulikuwa umechanika. Fundi akaushona, msafiri akaenda, na yeye akabaki anawaza. Akaanza kukata ya kwake kwa turubai. Ule wa nyuma ulimtesa. Mwendeshaji akikanyaga pedali, mfuko unayumba kama mkia wa mbuzi. Aliharibu kumi na minne. Kwa wa kumi na tano akakata kipande cha dumu la plastiki, umbo la ulimi, akakishonea katikati ya tabaka mbili za turubai. Mfuko ukatulia kana kwamba umezaliwa na baiskeli. Nje huoni kitu. Kuujua ulimi ule sharti ufumue mshono. Hata Nusubei alijua tu kwamba ndani mna jambo.

Mteja akapatikana: mkodisha baiskeli wa mji wa bandarini, mwendo wa siku mbili na nusu kwa kufuata ufuo. Alikuwa ametumiwa picha na Nusubei kwa simu. "Sitaki begi la kutoka rafuni," alisema. "Nileteeni lililokula mchanga. Likifika zima, nachukua seti arobaini kabla ya msimu."

Kwa Fundi, arobaini ilikuwa na maana moja: kuhama baraza. Kila mvua ikinyesha alikuwa akikumbatia cherehani na kupita nacho sebuleni kwa mama mwenye nyumba, "samahani, mama, samahani," huku watoto wakikunja miguu ampishe. Kulikuwa na chumba kinapangishwa kando ya barabara, chenye mlango wake. Alishakipima kwa hatua mara mbili.

"Tunakwenda wote," Nusubei akasema. "Utaongea nini na wanaume wa bandarini wewe? Utawatajia bei ya kweli."

Fundi akampimia. Baiskeli ya Nusubei ilikuwa na fremu fupi ya mtu mfupi, kwa hiyo mfuko wa katikati akaukata kwa kimo chake, kama gauni la mtu mmoja. Akampa seti nzima wiki mbili kabla ya safari, auzoee mzigo.

Siku ya kwanza ilikuwa raha. Waliondoka maji yamekupwa, mchanga umeshikana kama sakafu, wakapunguza upepo kidogo kwenye matairi, wakaenda. Nusubei alitangulia akiimba, kisha akaacha kuimba akaanza kulaani.

"Kiti hiki kimetengenezwa na mtu anayechukia wanawake!"

"Kimetengenezwa na mtu asiye na mzigo wako, mama. Panda, twende."

"Cheka tu. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi."

Wakacheka mpaka Fundi akaangusha baiskeli majini. Jioni walikaribishwa shuleni, wakalala kwenye darasa lenye ramani ukutani, na Nusubei akamkanda mwenzake mabega bila kuombwa.

Siku ya pili, saa sita mchana, mvua ikawashukia kama imetumwa. Wakakimbilia kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa, chini ya paa lake la bati, wakamwaga mizigo ili wakaushe. Mfuko wa nyuma wa Fundi ulikuwa mkavu ndani. Hata kiberiti kiliwaka. Wa Nusubei ulikuwa bwawa. Nguo zinachuruzika, mkate umekuwa uji.

"Begi lako limenikojolea," Nusubei akasema.

Begi la Fundi halivuji. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. Kando ya kila tundu la sindano palikuwa na tundu la pili. Kitambaa hujifumba kikifumuliwa, lakini turubai halijifumbi, likitobolewa limetobolewa. Uzi nao ulikuwa mkavu, haujasuguliwa mshumaa kama wa Fundi. Na mshono ulianzia kulia. Fundi ni mtu wa shoto. Mishono yake yote huanzia kushoto.

Hakupiga kelele. Aliuliza kama anavyouliza bei ya kitu ambacho ameshaamua.

"Nani amelifumua?"

"Kufumua nini? Labda panya."

"Panya mwenye cherehani?"

Nusubei akakamua gauni lake muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Kisha akasema, "Yule bwana wa vyerehani sita, nyuma ya soko."

"Ameona ulimi?"

"Ameuona."

Mvua ilipiga bati. Fundi akakaa kwenye ngazi ya pampu, begi mapajani, kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

"Ungeshona arobaini lini wewe?" Nusubei akaanza, sasa kwa kasi, kwa sauti ya sokoni. "Cherehani kimoja, barazani! Mtu anataka kabla ya msimu. Ameshapelekewa ishirini, Fundi. Ishirini! Nilikuwa nikufanye msimamizi."

"Msimamizi wa begi langu."

"Lako, lako! Kwani na wewe hukuiga la yule msafiri?"

"Mimi nilishona lililochanika. Wewe umechana lililoshonwa."

Fundi akauliza swali lililobaki, na ndilo lililouma. "Kama ameshapelekewa, mimi umenileta huku kufanya nini?"

"Amesema lazima amwone anayeshona." Nusubei alitazama chini. "Nimemwambia nitakuja na fundi wangu."

Wangu. Jana yake alikuwa amekandwa mabega, akafurahi, na mikono ile ilijua.

Kurudi lilikuwa jambo rahisi, lakini Fundi hajawahi kuacha soko kwa sababu muuzaji kamtukana. Mvua ilipokatika akapakia, akapanda, akaenda mbele. Usiku ule hawakusemezana ila kuhusu pampu ya baiskeli, kwa kuwa ilikuwa moja.

Dukani kwa mkodishaji, seti ishirini za mabegi zilikuwa zinaning'inia ukutani, mpya, zinang'aa. Fundi aliyatazama ya nyuma kwanza. Ulimi ulikuwamo, aliubonyeza akausikia. Wameweza.

Mwenye duka hakuwa na uso wa kukaribisha. "Mama, umeniletea nini?" akamwambia Nusubei. "Ya nyuma mazuri. Haya ya katikati hayaenei hata baiskeli moja."

Akaweka moja kwenye fremu. Likaelea humo kama kofia ya mtoto kichwani kwa mzee. Mikanda haikufika popote. Bwana wa vyerehani sita alikuwa amenakili kila kitu kwa uaminifu, pamoja na ufupi wa Nusubei.

Nusubei akamgeukia mwenzake. Akamtazama kwa jicho lile la siku zote, la kusema, tutoe hapa. "Fundi, mwambie. Yanaongezeka kidogo, si ndiyo?"

"Nguo ndogo haikui," Fundi akasema. Kisha, kwa mwenye duka, "Nipe futi. Nipime baiskeli zako."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekata seti ya kwanza. Sina bosi."

Walibishana bei mpaka chai ikapoa. Fundi alitaja ya kwake, akaipunguza mara moja tu, akasimama hapo. Mwenye duka akamwagiza mifuko ya katikati arobaini. Ya nyuma akaendelea kuichukua kwa Nusubei, kwa sababu ilikuwa mizuri na ilikuwa rahisi, na biashara haina ndugu. Fundi alimwelewa. Angekuwa yeye, angefanya vilevile.

Fundi alirudi kwa lori, baiskeli juu ya magunia. Nusubei alirudije, Fundi hajui, hakuuliza.

Mifuko ya katikati haikuwa na siri. Pembetatu na zipu. Mtoto wa shule angeikata. Ilimpa chumba chenye mlango, si kile alichokipima bali kidogo cha nyuma yake, na kazi ya msimu mmoja. Mfuko wenye ulimi, uliomlia mingine kumi na minne, sasa unauzwa kila soko, na asiyejua humwambia Fundi naye ajaribu kushona kama ule. Nusubei amepata huo, na kibanda cha pili. Amepoteza mkono: mwaka wa pili sasa anauza begi lilelile, maana bwana wa vyerehani sita hanakili ambacho hakijashonwa.

Wiki aliyohamia, Fundi alikwenda kwa muuza vyuma kununua kufuli. La zamani lilikuwa zima kabisa. Lakini lilikuwa na funguo mbili, na wa pili ulikuwa kwa Nusubei tangu Fundi alipolazwa hospitali. Angeweza kwenda kuudai.

Akanunua jipya, ghali kuliko alivyopenda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuomba apunguziwe.